Bilauri Mbili za Kijani Zilizoshikana

Majirani walimwita Mzee Tulia kwa sababu hakuwahi kutulia. Akikaa, mguu unapiga sakafu. Akisimama, anafungua dirisha alilolifunga punde. Alipanga barua posta hadi akastaafu, na mikono ile haikujua likizo. Mkewe alipofariki, ikahamia kwenye kabati la vioo.

Vioo vilikuwa vya mkewe, mshonaji aliyezoea kupita maduka ya vitu vikuukuu akiokoa bilauri ambazo wengine waliziona takataka: za kijani, za rangi ya asali, nyingine zenye ukingo wa dhahabu uliofifia. Amri zake hazikuwa na rufaa. Taulo litandikwe ndani ya beseni, kioo kisigonge plastiki. Maji vuguvugu, sabuni tone moja. Dhahabu haisuguliwi, inapanguswa kwa pamba. Kabatini kila bilauri isimame peke yake, mdomo juu, maana mdomo ndio udhaifu wake.

"Na usizipachike moja ndani ya nyingine," alikuwa akimwambia mumewe. "Hizo si ndoo."

Siku za karibuni mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Bintiye, muuguzi, alishasema wazi: "Baba, siku ukianza kuzivunja, nazihamishia kwangu." Nyumba bila vile vioo mzee hakutaka hata kuiwaza. Angeamka ashike nini?

Kila safari kutoka kwenye beseni hadi kabatini ilikuwa hatari, basi akapunguza safari. Jumamosi hiyo asubuhi alipachika bilauri ya kijani ndani ya mwenzake, zote zikiwa na majimaji, akazibeba kwa mikono miwili, kifuani. Zilifika salama. Ila zilikuwa zimeng'ang'aniana kama kupe na ngozi. Akavuta. Akazungusha. Akaenda uani, akarudi. Akazifunika kwa taulo, kisha akalifunua aone kama zimeachana zenyewe.

Bintiye akabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Mapema gani, saa sita hii? Na hilo taulo mezani?"

"Linakauka."

"Linakauka limesimama wima?"

Akalinyanyua. Akatazama bilauri, kisha akamtazama baba yake, aliyekuwa ameshatia mkono mfukoni.

"Mama angeziona hizi, angefufuka akugombeze."

"Afufuke tu. Nitamkaribisha."

"Toa mkono mfukoni."

"Kuna baridi."

"Baba. Mficha maradhi, kifo humfichua."

"Kifo cha nini? Mkono tu huu."

Akautoa. Ukatetemeka mbele yao bila haya. Binti aliushika kama anavyoshika mikono ya wagonjwa, akauachia. Mzee akatazama kabati.

"Utazichukua?"

"Kwanza ziachane. Mama alikuwa akifanyaje?"

Mzee alieleza huku akiizunguka meza. Tone la mafuta kwenye maungio, kisha subira. Maji baridi ndani ya bilauri ya juu. Ile ya chini isimamishwe kwenye maji ya vuguvugu.

"Si ya moto! Kioo cha zamani kikishtuliwa kinapasuka."

"Baba, kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Alikaa, akainuka, akakaa tena. Binti alizungusha taratibu, akasimama, akazungusha. Kioo kikatoa mlio mwembamba. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua, bintiye alikuwa na bilauri moja katika kila mkono, nzima zote mbili. Akanyoosha mkono azipokee. Binti akazivuta nyuma.

"Zinabaki hapa," alisema. "Lakini kuosha ni Jumamosi, tukiwa wote. Wewe unaamuru, mimi nashika. Na Jumatatu huo mkono unaonwa na daktari."

"Mimi niamuru nimekaa?"

"Umekaa."

Alizifuta, akazisimamisha mdomo juu, nafasi ya vidole viwili kati yake. Akafunga kabati, akatia ufunguo kwenye mkoba.

"Hata ufunguo?"

"Nakujua, baba."

Binti alipoondoka, mzee alifuta meza. Akafuta kioo cha mlango wa kabati kwa nje, juu hadi chini. Ndipo alipoona: kwenye bilauri ya kijani, ile ya mbele, bintiye ameacha alama ya mafuta ya kidole gumba. Akafuta tena mlango, pale pale ilipoonekana, kana kwamba ingetoka. Akaenda dirishani. Akarudi. Alama ilikuwa palepale, na Jumamosi ilikuwa mbali.