Pumzi Mbili za Hegeso

Chumba cha jiko la mji kina hewa ya pumzi mbili tu: moja ya moto, moja ya mlinzi wake. Ndiyo maana mlinzi haolewi. Wazee wetu hueleza kwamba ni kwa heshima ya Hestia, mungu wa jiko, aliyewakataa wachumba wote, na hata kiti chake kwenye meza ya miungu akampisha mwingine. Mimi ni mpima hewa, nami nasema ni hesabu tu. Hapa kwenye mwezi wa Rea, nje ya kuta hakuna cha kuvuta puani. Moto unakula hewa ya mtu mzima mmoja, na mume hana pa kupumulia.

Hegeso alikabidhiwa jiko akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kuulisha moto mafuta ya zeituni, kufuta masizi na kutotoka zaidi ya saa moja kwa siku. Watu walimjia walipokuwa na haja. Mtoto akifikisha siku tano, baba yake hukimbia naye kuuzunguka moto, jamaa wakicheka mlangoni, kisha wote huenda kula kwao. Kila karamu mjini hufunguliwa na kufungwa kwa tone la divai la Hestia, lakini mlinzi wa jiko lake hakualikwa popote, maana moto angemwachia nani? Mara nyingi nilimkuta akila mkate wake wa shayiri amesimama, na jambo hilo lilinikera kuliko nilivyowahi kusema.

Nilikwenda kila wiki kusoma mita. Niliruhusiwa robo saa.

"Bado uko hai, dada?"

"Uliza mita yako, Mikon. Mimi sijitazami."

Kisha aliniuliza habari za mji, nikampa mbili tatu, nikaondoka.

Moto ule haukuwa moto wa kuwasha tu. Mababu waliuleta ndani ya taa kutoka Fokaia, mji mama ulioko kwenye sayari nyekundu ya Aresi, miaka mitatu ndani ya chombo cha angani, wakipokezana kuulinda. Kwetu, mji usio na moto wa mama yake si mji, ni kambi.

Miaka kumi na tisa iliyopita, fundi mabomba aitwaye Filiskos alikwenda kuziba bomba lililokuwa likivuja mle ndani. Bomba lilipona siku ya kwanza. Filiskos aliendelea kulitengeneza mwezi mzima. Tuliona, tukatania. Naye alikuwa akikaa robo saa kama mimi, mpaka mchana mmoja alipoleta tini na samaki wa bwawani, wakala, usingizi ukawachukua. Pumzi zikawa tatu, na katika watatu hao mnyonge alikuwa moto. Hegeso aliamka kichwa kizito, jiko jeusi. Alichukua chombo cha kuchomelea kwenye mkoba wa fundi, akauwasha upya, akamwambia mwenzake atoke na asirudi tena. Filiskos alibembeleza mlangoni siku kumi. Mwishowe alihamia mwezi wa Dione, akaoa. Ana mabinti watatu.

Wao wawili walidhani hakuna mwingine ajuaye. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na mita yangu ilikuwa imeandika saa nzima ambayo moto haukuvuta kitu. Niliufuta mstari ule, nikajiona muungwana.

Mwaka huu familia sitini ziliamua kwenda kuanzisha mji kwenye mwezi wa Iapeto. Kiongozi wao, Arkipe, mjane asiyemung'unya maneno, alikuja na taa mkononi kuuomba moto, nasi tukajaa ukumbini nyuma yake. Mlango uliachwa wazi ili hewa itoshe. Hegeso alisimama mbele ya jiko, mikono imemwanguka.

"Mama Arkipe, siwezi kukupa. Huu si wa Fokaia. Ule ulinizimikia, nikawasha huu kwa chombo cha fundi mabomba."

"Lini?"

"Miaka kumi na tisa."

Nilijua sheria inamruhusu yeyote kumtemea mate mlinzi aliyezimikiwa na moto. Arkipe aliketi kwenye benchi taratibu.

"Kwa hiyo wanangu wawili wa mwisho wamezungushwa moto wa fundi mabomba."

"Ndiyo, mama."

"Na wamekua. Mmoja kichwa kigumu, lakini hicho ni cha baba yake." Watu wakacheka. "Mwanangu, ungesema siku ile, tungekutukana wiki mbili, tungeagiza moto mwingine Fokaia, basi. Mficha uchi hazai." Alilisikia neno lenyewe lilipokwisha kumtoka, akashusha macho.

"Sasa mtafanyaje?"

"Tutachukua huu. Fokaia sijaiona hata siku moja. Wewe nimekuona."

Hegeso aliwasha taa. Wakaimba, wakaondoka nayo kuelekea chomboni, na hakuna aliyegeuka nyuma. Nilibaki mimi na mita yangu, nikafunga mlango.

"Wiki mbili," Hegeso alisema. Alikuwa ameketi sakafuni. "Nilimfukuza yule mtu kwa kuhofia matusi ya wiki mbili."

Nilimhurumia mno, na katika kumhurumia nikampa kile nilichodhani ni zawadi.

"Hukuwa peke yako, dada. Nilijua tangu siku ile. Mita ilionyesha. Nikaufuta mstari, nikakusitiri."

Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa nangoja ahsante.

"Ulikuwa unaingia humu kila wiki, huku ukijua."

"Kila wiki."

"Mimi nakuuliza habari za mji, wewe unanipa habari za mji."

"Sikutaka kukuaibisha."

"Ungesema neno moja tu, Mikon. Ningekuwa na mtu."

Nilikuwa na mengi ya kujitetea, na yote ya kweli. Aliinuka, akanifungulia mlango, akasimama ameushika mpaka nilipotoka.