Biti Tatu za Shangazi

Hadi leo nikipita karibu na ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, natazama chini, maana aibu ya siku ile haijanitoka.

Nilikuwa nimetoka masomoni, nimeajiriwa ofisini Same penye kompyuta moja (ilikuwa na feni yake, sisi watu tulipepewa na madirisha), na kwa kujidai kwangu nikamwambia mwenyekiti wa kijiji chetu cha Ujamaa kwamba mambo ya kuhesabu siku za kazi kwa kukata alama kwenye kijiti yamepitwa na wakati, aniachie mimi nipange zamu za maji: aliyefanya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, siku nyingi kuzibua mfereji, ndiye atangulie.

Programu nikaiandika kwa C, lugha ya kompyuta. Siku za kazi zilikuwa sita, basi kila mtu nikampa biti tatu tu, yaani nafasi tatu za tarakimu ndani ya mashine, zinazotosha kuhesabu sifuri hadi saba, nikaandika "int" peke yake bila kutanguliza "unsigned", neno la kuiambia mashine kwamba namba hazishuki chini ya sifuri; uvivu mtupu, mbona chuoni ilikubali! Kumbe kila mashine na desturi yake. Ya Same iliichukua biti ya kwanza kuwa alama ya hasi, kwa hiyo hesabu ikaishia tatu: nne ikawa hasi nne, sita ikawa hasi mbili. Waliochoka zaidi wakashuka chini. Nami, bingwa, nikachapisha majina bila namba.

Nikayasoma mbele ya kijiji kizima. Elifuraha, aliyekuja siku moja (na hiyo moja alishinda kivulini), akamtangulia shangazi yangu, mjane, ambaye maharage yake ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Mwanangu, siku zote sita nilikuwa mferejini," akasema. "Hebu tazama tena."

"Shangazi, mashine haijui shangazi wala mjomba!"

Watu wakacheka. Loo, laiti ningetazama!

Wiki iliyofuata, nikiwa Same, nikachapisha na namba, nikaona hasi mbili mbele ya jina lake. Nikapanda mlima mbio hadi kijijini. Zamu yake ilikuwa haijafika, maji ya ndiva yameisha, na maharage yamenyauka shamba zima. Hata shikamoo ilinitoka kwa shida. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari za biti mpaka nikaishiwa maneno.

"Pole na safari," akanijibu. "Umekula?"

Najuta. Tangu hapo siandiki biti bila "unsigned", na mtu akiniambia tazama tena, natazama. Lakini msaragambo wa mwaka uliofuata, shangazi alifanya siku moja tu, kama Elifuraha, akaweka jembe begani, akarudi nyumbani.