Kona ya Tembo Asiye na Pembe

Daw Hla Wai alikuwa ameuza asumini kwenye ngazi za kusini za hekalu la Shwedagon kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulizunguka kama watu wanavyolizunguka. Ndivyo walivyo wenyeji wa Yangon: uzuri wa mji wao huwaachia wageni, wao wakatosheka kuitazama migongo ya wageni hao. Kila Jumatano alipanda, akaimwagia maji sanamu ya kona yake ya kuombea, akashuka kabla maua hayajanyauka.

Kisha dada yake, Daw Mya Pwint, akaja kutoka Pyay kutibiwa macho. Daktari alimweleza kwa upole mno kwamba nuru iliyobaki ni ya kutumia, si ya kuongeza. Hla Wai akafunga kibanda kwa siku moja ili waitumie.

Walianzia sokoni, ambako Mya Pwint hakutazama kitambaa hata kimoja, alivipapasa vyote. Cha Mandalay alisema kimefumwa na mtu aliyekuwa na njaa. Muuzaji, kijana mwenye tambuu mdomoni, alimsihi aende zake. "Shangazi, wenye macho wananiamini," alisema. "Vidole vyako vitanifilisi." Mya Pwint akanunua kile kile cha mwenye njaa, kwa kumhurumia.

Kutoka hapo walikwenda kwa Buddha aliyelala, yule mrefu kama mtaa, mwenye macho ya kioo. Mya Pwint alisimama mbele ya macho hayo hadi miguu ya mdogo wake ikafa ganzi.

"Huyu kalala na anaona," alisema mwishowe. "Haya, twende tukale."

Walipokuwa wakinywa supu ya samaki, Hla Wai alijaribu kusema alilokuwa nalo, akaishia kusifu ndimu. Treni ya Pyay ilikuwa kesho asubuhi. Huko kulikuwa na nyumba yenye ngazi mbovu, kuku kadhaa na hakuna mtu. Alitaka dada yake abaki Yangon, na hakuwahi kumwambia, kwa sababu kwao kumwomba mtu jambo ambalo ataona haya kulikataa ni kumkaba koo kwa adabu. Kwa hiyo alikuwa akimwambia tembo.

Tembo huyo yuko upande wa kusini wa uwanja wa hekalu. Kila siku ya juma ina kona yake pale, sanamu yake na mnyama wake, na mtu huomba kwenye kona ya siku aliyozaliwa. Jumatano peke yake ina kona mbili: waliozaliwa asubuhi wana tembo mwenye pembe, wa alasiri wana tembo asiye nazo, kaskazini-magharibi, nao husemwa kuwa ni watu wa vichwa vigumu. Hla Wai alikuwa mtoto wa asubuhi. Mama yake alimwambia hivyo, na hata jina alipewa la asubuhi, kwani kwao herufi ya jina hufuata siku ya kuzaliwa.

Jioni ile walipanda, viatu mkononi, vigae vikiwa bado vya moto. Hla Wai alimfikisha dada yake penye tembo wa kusini, akachota maji.

"Mbona unamwagia hapa?" Mya Pwint akauliza.

"Kona yangu, Dada."

"Nani kasema?"

"Mama."

Mya Pwint akalipapasa bega la mdogo wake. Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba nyati wa kulimia walikuwa wameshateremshwa mtoni, kama kila alasiri, Hla Wai alipozaliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyebeba maji ya moto. Mama alisogeza saa nyuma kwa sababu aliogopa binti wa alasiri hatapata mchumba. Akamwapisha binti mkubwa asiseme.

Hla Wai alimtazama tembo. Tembo, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akipokea mambo yasiyomhusu, hakuonyesha kujutia.

"Kumbe ndiyo maana," Hla Wai alisema.

"Ndiyo maana nini?"

 Hla Wai alimshika dada yake mkono, wakazunguka hekalu likiwa kuliani kwao, wakaipita kona ya Alhamisi ambayo ni ya Mya Pwint, mpaka kwa tembo wa pili. Hapo Hla Wai akasimama na kikombe mkononi kama mtu aliyebisha hodi nyumba asiyoijua.

"Sijui nimwanze vipi," alisema. "Hanijui."

"Basi sema kwa sauti. Mgeni hasemi kimoyomoyo."

Hla Wai akamwaga maji. Akasema, akimtazama tembo, kwamba anataka dada yake asirudi Pyay. Kwamba chumba ni kidogo lakini dirisha lina upepo. Kwamba amechoka kula peke yake.

Maji yalichuruzika mabegani mwa sanamu. Mya Pwint alikuwa amegeuzia uso upande mwingine.

"Haya yote umekuwa ukimwambia yule wa kusini?"

"Kila Jumatano."

"Na mimi je, ulikuwa unaningoja niote pembe?"

Hla Wai akajifuta mashavu, poda ya thanaka aliyojipaka usoni ikabaki kiganjani.

"Kuku nitamwachia nani?" Mya Pwint akauliza.

"Jirani yako."

"Jirani yangu mwizi."

"Basi tutawafuata sote. Tuwalete."

Mya Pwint alinyoosha mkono hewani, akaomba kikombe. Hla Wai akamshika kifundo cha mkono, akamwongoza hadi kichwani mwa sanamu, wakamwaga pamoja.