Fundi wa Madishi wa Kyuso Aliyetaka Picha Nzima

Saa kumi na moja jioni, Kasiva Mulwa yuko nyuma ya duka lake sokoni Kyuso, anapigana na nati. Imekataa kufunguka. Aliyeikaza ni yeye mwenyewe, na Kasiva akikaza kitu, kimekazika.

Juu ya mlingoti kuna kitu ambacho soko zima limeshakipa majina, mengine hayafai gazetini. Ni bomba la plastiki la maji, limefungwa vipande vya futi ya chuma ya kupimia vilivyokaa kama mifupa ya samaki. Futi ilikuwa ya mumewe, fundi wa mbao.

"Anafikiri ilipotea," Kasiva anasema. "Hiyo msiandike."

Kitu hicho ni antena. Kasiva, mwenye miaka 47, anajifunza kunasa mawimbi ya redio kutoka angani. Kuna watu duniani wanaozungumza kwa redio kwa kupenda tu, bila mshahara, na wana vyombo vyao vinavyozunguka huko juu. Hata kituo wanakoishi wanaanga kina redio ya namna hiyo, na mara chache kwa mwaka hutuma picha. Picha huja kama mluzi wa mtu aliyechanganyikiwa. Programu ya simu ikiusikia mluzi huo, inachora mstari baada ya mstari.

Kwa miaka mingi Kasiva amekula jasho la madishi ya televisheni. Zamani alipanda mapaa matatu kwa wiki. Siku hizi watu wanatazama mpira kwenye simu, na mwezi ukimletea mapaa mawili anashukuru Mungu. Mkono uliozoea kazi haukai bure. Akanunua redio ndogo ya mkononi kwa shilingi 2,600, ambazo anasema ni kuku watatu na jogoo mmoja mwenye kiburi.

Wiki hii picha zimekuwa zikitumwa. Kasiva amepata nusu, amepata robo, na moja imetoka kama sufuria iliyoungua. Leo ndiyo siku ya mwisho. Akikosa, atangoja miezi, na hakuna wa kumwambia ni mingapi.

"Nimewafungia watu wa hapa wakaona kila kitu," anasema. "Na mimi nataka nione kimoja, kizima, nilichokishika mwenyewe."

Kilichomponza ni kazi yake. Dishi la televisheni unalielekeza mara moja, unakaza nati, unashuka, unalipwa. Chombo chake kule juu ukikitazama kutoka hapa ni kama kimesimama. Hivi vingine havisimami. Kasiva alielekeza antena upande wa Mwingi, akakaza kwa nguvu zake zote, na kila mara mluzi ulikuja vizuri kisha ukafifia. Akabadilisha waya. Akabadilisha betri. Akalaumu mabati ya jirani.

Aliyemfungua macho ni Salat, mnunuzi wa mbuzi na ngamia, aliyekuja asubuhi ya leo kuchaji simu. Aliuliza kitu chenyewe kinatoka wapi na kinaenda wapi. Akaambiwa kinatokea Mwingi, kinapotelea Tseikuru, na hapo katikati ni kama dakika kumi tu. Salat alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwita Kasiva kwa jina la mtoto wake.

"Mama Yvonne, umechimbia kigingi, umefunga kamba, sasa unangoja ngamia anayepita aje ajifunge mwenyewe? Shika kamba mkononi, umfuate."

Ndiyo maana jioni hii kuna vita na nati. Nyundo inaimaliza. Kasiva analishusha bomba, analishika kwa mikono miwili.

Limebaki tatizo la kelele. Simu inaisikiliza redio kama mtu asikilizavyo mlangoni, na sauti yoyote ya pembeni huingia kwenye picha kama mchirizi. Mbuzi wa Salat wamepelekwa mbali. Kalunde, mama anayeuza ndengu mlango wa pili, ni kazi ngumu kuliko mbuzi. Ameombwa anyamaze, akakubali, lakini akadai kiti.

Mluzi unaanza. Kasiva anageuka polepole, bomba likipanda naye, huku Salat ameishikilia simu karibu na redio. Kinatokea kipande cha buluu, kisha kofia, kisha uso wa mtu. Katikati ya kifua cha mtu huyo, Kalunde anakohoa.

Kasiva hatazami nyuma. Anafuata tu, mpaka bomba linaelekea Tseikuru na redio inabaki na mchakacho wake wa kawaida.

Picha ni nzima. Mwanaanga anatabasamu, na mchirizi mmoja umemkata kifuani. Kasiva anakaa juu ya debe, anafuta macho kwa leso, anasema ni vumbi. Kyuso kweli kuna vumbi.

Sasa anataka kununua waya wa kuunganisha redio na simu, ili kelele isiingie tena, kisha awafundishe wasichana wa kwaya ya kanisani kwao kila Jumamosi. Kalunde, ambaye ameshawaonyesha wateja kikohozi chake kilivyotoka, hakubali.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, ukiweka waya, sisi wa huku chini tutaingilia wapi?"

Wamepatana. Waya utanunuliwa, ila picha ya kwanza kila mara itanaswa bila waya. Kalunde ameanza kuulizia tarehe ya picha zijazo.