Aliyemchora Jeuri

Mtaa mzima ulimwita Fundi Mabango. Ukipita barabara ya sokoni, kila kibao unachokisoma, cha kinyozi, cha duka la dawa, cha fundi saa, kilitoka mikononi mwake. Lakini sifa iliyomfikisha mbali ilikuwa ya kitabu kimoja chembamba cha picha, *Jeuri Aenda Shule*, kitabu cha kuchekesha cha watoto wanaoanza darasa la kwanza. Walimu walikiapia. Mtoto awe analia kwa kwikwi, amemng'ang'ania mama yake getini, ukimfunulia ukurasa ule ambapo wenzake wanaimba na Jeuri ameketi juu ya meza ya mwalimu akitafuna karoti, atapangusa kamasi na kuangua kicheko.

Fundi mwenyewe alikuwa hawezi kukitazama. Nakala yake aliilaza chini ya makopo ya rangi, uso chini.

Jeuri alikuwa binti yake wa pekee. Kila kilichomo kitabuni alikifanya kweli siku yake ya kwanza ya shule, hata karoti. Kengele ililia, hakutoka uwanjani. Waliambiwa wasimame, akakaa. Walipokaa, alizunguka darasa akiwachungulia wenzake midomoni. Mwalimu akaja nyumbani jioni kwa heshima zote, akauliza kama masikio ya mtoto yamewahi kupimwa.

Aliyemjibu hakuwa Fundi. Alikuwa dada yake mkubwa, shangazi wa mtoto, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu na ambaye hapo nyumbani neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Alinyanyuka kitini taratibu, akamwambia mgeni kwamba ukoo wao haukuwahi kutoa kiziwi. Mtoto ana jeuri tu, kairithi kwa babu yake, na jeuri hutibiwa kwa malezi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakutia neno. Moyoni aliona nafuu, maana jeuri ni kitu cha kusimulia watu wakacheka, na uziwi ni kitu cha kunong'onezwa.

Basi wakasimulia, wakacheka. Wiki ileile Fundi akachora mkasa wote kwa rangi za mabango, shangazi akaupatia maneno ya vina, na mpiga chapa mmoja, mteja wa Fundi wa siku nyingi, akauchapa. Kitabu kilikuwa tayari kimeingia mashuleni pale mtoto alipopata homa akapelekwa zahanati. Muuguzi akaangusha sinia la chuma nyuma yake. Walioruka ni Fundi, shangazi na wagonjwa wote kwenye benchi. Mtoto aliendelea kuhesabu vifungo vya gauni lake.

Alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mbali. Na hapo lazima niseme kitu ambacho waliomjua Fundi juujuu hawakukijua. Yeye na binti yake walikuwa wakizungumza kwa kuchora. Akitaka kumuuliza kama atakunywa chai, alichora kikombe chenye alama ya kuuliza. Mtoto akachora kikombe kilichofurika, maana yake ndiyo, na sukari nyingi. Waligombana kwa mkaa ukutani, wakapatana kwa mkaa. Kile kitabu mtoto alilala nacho. Aliliona gauni lake lenye mifuko miwili katika kila ukurasa, akaamini baba yake amemtungia sifa.

Likizo moja akarudi anajua kusoma. Aliketi meza ya jikoni na kitabu chake, kidole chini ya maneno. Fundi alikuwa akisafisha brashi, akamwona kidole kimekwama. Mtoto akaenda kabatini, akaleta kamusi ya shangazi, akatafuta *jeuri*, akasoma kwa muda mrefu kuliko neno lile moja lilivyostahili. Kisha akalifuta jalada kwa sketi yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akakiweka rafuni.

Jioni Fundi alimchorea kikombe. Mtoto akachukua kalamu, akaandika chini yake kwa mwandiko safi: *Sitaki chai, asante.*

Tangu siku ile hakupokea tena mchoro wa baba yake. Alimwandikia, tena kwa adabu ambayo huwezi kuilalamikia. Akakua, akawa mshona mapazia anayegombaniwa, akaolewa, akazaa binti wa mdomo mwingi waliyemwita Kasuku. Fundi alikuwa amebaki na haja moja tu duniani: binti yake apokee karatasi moja yenye mchoro mkononi mwake, aitazame, asiirudishe.

Mwaka Kasuku alipotimiza umri wa kuanza shule, mwalimu wa darasa la kwanza alimwomba Fundi awe mgeni wa heshima. Aje siku ya kwanza, awasomee watoto *Jeuri* kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nenda," shangazi alimwambia. Uzee ulikuwa umemkunja mgongo, sauti bado ya paredi. "Jina la nyumba hii limebaki kwenye kile kitabu."

"Dada, kitabu kile kinamcheka mtoto."

"Kinamcheka mtoto mjeuri. Nani anajua ni nani?"

"Yeye anajua."

"Hilo ni la ndani. La ndani halisomwi darasani." Akajifunga vizuri khanga yake, mazungumzo yakawa yameisha.

Lakini Fundi alikuwa amekata shauri. Angeenda, na akifika kwenye ukurasa wa kengele angesema kweli mbele ya watoto, na binti yake angekuwepo, amsome midomoni. Akajikaza. Usiku alichora karatasi ndogo ya kumpa baadaye: mwanamume aliyesimama mlangoni, mkono mdomoni, na mbele yake mtoto mwenye gauni la mifuko miwili. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Darasa lilinuka chaki na sare mpya. Wazazi walikuwa nje madirishani, binti yake miongoni mwao, mikono kifuani. Fundi aliketi kwenye kiti kidogo, magoti karibu na kidevu, watoto wakacheka kabla hajafungua kitabu. Akasoma. Alipofika ukurasa wa kengele akakishusha kitabu.

"Wanangu," akasema, "Jeuri hakuwa jeuri. Alikuwa hasikii. Sisi wakubwa ndio hatukutaka kujua."

Kisha kijana mmoja wa mbele, ambaye bila shaka alikuwa na dada darasa la pili, akatikisa kichwa.

"Babu, umekosea. Haijaandikwa hivyo."

"Sasa mimi ndiye niliye..."

"Inasema, *Kengele yalia, ngo ngo ngo!*"

Na nusu ya darasa, wale wenye kaka na dada, wakadakia kwa sauti moja: "*Jeuri yu kimya kama gogo!*"

Mwalimu, akidhani mzee amepotea mistari, akakichukua kitabu mikononi mwake kwa upole, akawafunulia watoto. Wasiokijua wakajifunza palepale. *Mwalimu asema, simama wima, Jeuri aketi kama mlima!* Walipiga meza, walishika mbavu. Fundi alinyanyua mkono kuwanyamazisha, wakaona naye anaigiza, wakazidi. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Kasuku. Alisimama juu ya kiti, akamgeukia mama yake dirishani, akamtupia neno lile kwa furaha, mdomo umefunguka wazi ili mama alione vizuri, kama walivyozoea wawili hao: *Je-u-ri! Je-u-ri!*

Mama yake alilijua umbo la neno lile midomoni. Alilisoma utoto wake wote, kwenye vinywa vya watoto wa mtaani. Hajawahi kuliona kwenye mdomo huu. Alitabasamu kwa ajili ya mwanawe, tabasamu analowapa wateja wa mapazia, akaondoka dirishani.

Fundi alimkuta karibu na geti. Alitoa karatasi yake mfukoni, akamnyooshea. Binti yake aliifungua. Aliitazama, hilo lazima lisemwe, aliitazama yule mwanamume mlangoni na yule mtoto mpaka Fundi akaanza kutumaini. Kisha akaigeuza upande mweupe, akaiegemeza kwenye nguzo ya geti, akaandika neno moja. Akamrudishia pamoja na kalamu.

*Andika.*

Fundi aliishika kalamu. Maisha yake yote alikuwa ameandika maneno ya watu wengine, kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara. Yake hakuwahi kuandika hata moja. Alianza na *Mwanangu*, mkono ukagoma. Kweli ilikuwa ndefu, ilianzia kwenye mlango ule aliposimama bila kutia neno, na ilikuwa na dada yake ndani, na baba yao marehemu aliyesingiziwa jeuri, na jina lote la nyumba.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka mbio, Kasuku mbele, bado anaimba. Mama yake aliona vumbi, akageuka, akamshika mkono. Alisubiri kidogo, macho kwenye ile karatasi. Kisha akainamisha kichwa kwa baba yake kwa adabu, kama kawaida yake, wakaondoka.

Fundi alibaki ameiegemea nguzo, kalamu ya binti yake mkononi.