Kumbikumbi Waliongoja Sabato Iishe

Mama mkwe wangu aliamua kichuguu changu kipewe mtu mwingine, eti kwa sababu wadudu hawajui Jumamosi. Nilikasirika mpaka nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Kichuguu chenyewe kiko mpakani, huku migomba yangu, kule migomba ya mke wa shemeji. Kwa kina mume wangu wote ni Wasabato. Mke wa shemeji ni Mkatoliki na aliolewa na Ukatoliki wake wote. Sasa mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa asubuhi baada ya jua kali la wiki nyingi, na kila mtu hapa kwetu akajua kesho yake kumbikumbi wataruka. Kesho yake ilikuwa Sabato, ambayo kwetu huanza Ijumaa jua likitua na kuisha Jumamosi jua likitua. Mama akasema kumbikumbi hutoka saa kumi jioni, wakati sisi hatugusi kazi, kwa hivyo heri avune yule asiyefungwa na siku, na kichuguu kiwe chake moja kwa moja.

Nikamwambia, "Mama, hawa wa kwangu hutoka jua likishatua."

"Kumbikumbi ni kumbikumbi. Mimi nimewala kabla mama yako hajaolewa."

Ni kweli amewala, lakini aliwala kwao karibu na Kebirigo, na wale ni aina nyingine. Wa kwangu nimewatazama miaka miwili, mtoto mgongoni, nikipika nje. Isitoshe, nilifika kidato cha nne, na bayolojia ndilo somo ambalo sikulilalia. Mdudu ana saa yake ndani ya mwili. Kule chini hakuna jua wala redio, lakini mwaka mzima anajua bado, bado, halafu mvua ikishuka anajua leo, tena anajua saa ngapi. Hakuna aliyemfundisha. Zamani za kale wengine walitoka mapema, ndege wakawala, kuku wakawala, watu wakawakaanga. Waliochelewa kidogo walipata wachumba gizagiza, wakachimba shimo lao, wakazaa wachelewaji kama wao. Wenye saa mbovu walikufa na saa zao. Nilimweleza mama yote hayo tukichambua mboga. Akauliza kama ni hayo karo ililipia.

Hata hivyo tulipatana. Wakitoka kabla ya jua kutua, kichuguu ni cha mke wa shemeji. Wakitoka baada, ni changu, na maneno yaishe.

Ijumaa hiyo hiyo, kabla Sabato haijaingia, nilisimamisha fito juu ya kichuguu na kuchimba kishimo watakamoangukia. Nilipotaka kutandika blanketi juu, mama akanizuia. Mtego ukifanya kazi siku ya Sabato, alisema, ni wewe umefanya kazi. Basi blanketi likabaki limekunjwa kando, na majani ya migomba pia, fito zikisimama uchi kama nyumba ya mtu aliyeishiwa.

Jumamosi tukatoka kanisani. Saa kumi, mke wa shemeji akaja na karai na kiti, akakaa upande wake akifuma sweta. Akaniuliza kama wadudu wangu wamebatizwa. Saa kumi na moja, hakuna kitu. Binti yangu wa miaka minne akaanza kulilia kumbikumbi ambao hata hawajatoka. Saa kumi na mbili, wakachomoza sita au saba. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. Mke wa shemeji akainuka na karai yake, lakini kuku wangu walifika kwanza, wakawamaliza.

Nikasema, "Hao ni wale wa saa mbovu."

Mama alitazama kuku, akatazama jua, akasema saba si kuruka. Mke wa shemeji akarudi kwenye kiti chake, amenuna.

Jua likatua. Simu yangu ilithibitisha, nikamwonyesha mama na dakika zenyewe. Akatukusanya hapo hapo kando ya kichuguu tufunge Sabato kwa maombi. Na mama akiomba, anaomba. Alianza na wagonjwa, akaenda kwa majani chai, akaingia kwa wanawe mmoja mmoja, na alikuwa amefika kwa yule wa Ikonge niliposikia kitu kama mvua ndogo chini ya miguu yetu. Nikafungua jicho moja. Kichuguu kilikuwa kinachemka. Mabawa, mabawa, mabawa, yote yakienda juu bure, na mimi mikono nimeikunja kama mtu mwema. Nilitamani kulia kwa hasira.

Nilipogeuza jicho nikakuta la mama nalo limefunguka. Alikuwa amebakiza wana wawili. Miaka yote niliyoolewa hapa sijawahi kumsikia akimruka mtu kwenye maombi.

"Na wengine unawajua, Baba. Amina," alisema, tayari amenyakua blanketi. Kisha akamgeukia mke wa shemeji. "Na wewe, umesimama nini? Mletee mwenye kichuguu majani."