Baba Mkwe Hasemi Panapouma

Muuza makoti wa Ngaramtoni ametutoka. Habari ilinifikia juzi nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, nikashindwa kujua niinuke au nikae. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamkumbuka, maana nimeshamtaja humu kwenye safu hii kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa dereva wa lori la ushirika wa kahawa, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wakati mashirika yalipoanza kupumulia mashine. Wengine walikaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena. Yeye akanunua belo la mitumba, akatandika turubai sokoni, akaanza kuuza makoti ya kafa Ulaya kwa watu wanaotetemeka kwa baridi ya Meru. Kila koti alilipa historia. Analinyanyua juu na kupaza sauti: “Marehemu huyu alikuwa meneja wa benki! Tazama bitana! Alikufa kwa kushiba, hakuna ugonjwa humu!” Watu wanacheka, na mtu akishacheka mbele ya muuzaji huyo ameshanunua. Mimi nilimnunua meneja mmoja wa kijivu, na ninamvaa mpaka leo.

Sasa basi, mtu huyo aliyeweza kusimulia maisha ya Mzungu asiyemjua aliwahi kushindwa kusema jambo moja dogo kuhusu mwili wake, na nusura limuue. Ilikuwa miaka michache iliyopita, mwezi wa saba. Mkewe alikuwa ameshafariki, na mwanawe wa pekee alikuwa Mererani akitafuta tanzanite, lile jiwe la bluu, kama nusu ya vijana wa mkoa huu. Mzee aliishi Olasiti na mke wa mwanawe, binti wa Kichaga, mchapakazi, asiye na maneno mengi. Yule binti akaona baba mkwe hali, hanywi chai, na usiku anazunguka uani. Akamchukua kumpeleka hospitali moja ya hapa mjini. Mzee akaoga, akafunga tai, akavaa koti bora kuliko yote aliyokuwa nayo. Hawa wazee wetu bwana! Kwao hospitali ni kama kanisani, huendi ukiwa hovyo. Matokeo yake akafika mapokezi ya dharura akiwa anameremeta kuliko daktari.

Daktari, kijana mwenye adabu, akamwamkia, mzee akaitikia marahaba kwa sauti nene, akauliza habari za kazi. Alipoulizwa anasumbuliwa na nini akamtupia jicho mkwewe aliyesimama pembeni, akajibu, “Kichwa. Kinagonga kidogo tu.” Huku kwetu mlimani baba mkwe hataji mbele ya mke wa mwanawe kitu chochote kilicho chini ya mkanda. Hata akipigwa risasi hapo, atasema ni bega. Daktari akampima presha, akampa vidonge vya maumivu, akamtakia afya njema. Simlaumu. Nje alikuwa na mtu aliyegongwa na pikipiki na mtoto mwenye degedege, halafu huyu hapa amevaa tai na anauliza habari za kazi.

Siku iliyofuata nilipita kwake nikamkuta ameketi kwenye kigoda, jasho linamtiririka katika baridi ile, mkono ameukandamiza mbele ya koti, chini ya kitovu. Mkwewe alisimama mlangoni akilia kwa hasira. “Jirani, mwambie baba turudi hospitali. Mimi ananiambia kichwa, kichwa! Kichwa gani kinamfanya mtu ashindwe kunyoosha mgongo?” Tukaomba pikapu ya fundi seremala, tukaondoka wote watatu. Daktari akawa ni yule yule. Akauliza tena, na mzee, Mungu wangu, akajibu tena, “Kichwa.” Nilitamani kumzaba kibao, ningekuwa na umri wa kuthubutu. Ndipo yule binti akamtazama, akatazama ule mkono, akaelewa. Akasema taratibu, “Baba, mimi natoka. Nakwenda mpaka getini kabisa. Sirudi mpaka niitwe.”

Mlango haujafungwa vizuri mzee akapasuka: “Daktari, sijakojoa tangu juzi!”

“Mzee! Sasa kichwa kimetoka wapi?”

“Kichwa nacho kinauma. Sikudanganya.”

Akawekewa mpira wa mkojo, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu. Haikupita muda akawa anamchunguza daktari mabega na kumwambia ana meneja wa saizi yake sokoni. Sisi tulicheka, lakini daktari hakucheka. Alinivuta kando akaniambia tezi dume ndiyo iliyoziba njia, na figo zilikuwa zimeanza kuelemewa. Tungechelewa kidogo tu angetupokea kwa maneno mengine. Aliniambia pia kwamba kijana akiumwa huja akipiga kelele, lakini wazee huja wamechelewa, wasafi, wanasema sijambo, wanarudishwa nyumbani na vidonge, kisha wanaletwa tena wamebebwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Zamani mzee wa huku akiumwa alisindikizwa na mtu wa rika lake, ambaye walitahiriwa pamoja na hawafichani kitu. Siku hizi watu wa rika lake wako wapi? Mmoja anauza vitunguu, mwingine analinda duka la Mhindi, kila mtu ana biashara yake. Watoto wamekwenda kusaka utajiri, na mzee ameachwa mikononi mwa mtu mwema kuliko wote ambaye mila inamkataza mzee kumwambia panapouma. Zahanati za binafsi zimeota kila mtaa, maduka ya dawa yanashindana kwa rangi, mashine zinaletwa. Yote hayo ni mazuri, nayashangilia. Ila hayamsaidii mtu ambaye hajasema anaumwa nini. Kwa hiyo wewe mwenye mzee, mkifika kwa daktari, toka nje kwanza. Nawe daktari, ukiona tai, mwombe aliyemleta akapunge upepo, kisha uulize tena.

Safari hii ya mwisho ilikuwa moyo. Mkwewe alinisimulia msibani, tukiwa tumekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba. Mzee alimwita asubuhi akamwambia, “Mama, kaa hapa karibu,” akamweleza yote: kifua, mkono wa kushoto, pumzi, na kwamba usiku amejikojolea kitandani. Hakuruka kitu. Wakafika hospitali mapema, na binti akamweleza daktari kila neno mzee alipoishiwa pumzi. Hawakuweza kumponya, lakini walimtuliza maumivu, na mwanawe akawahi kufika kutoka Mererani wakaongea vizuri kabla hajafumba macho. Kwa mzee wa miaka ile, na kwa moyo ule, mimi naita hayo ni matokeo mema.

Nilimwuliza yule binti kama hakuona aibu baba mkwe kumwambia mambo kama yale. Akajifuta machozi kwa pembe ya khanga.

“Niliona aibu,” akasema. “Na yeye aliona. Tukaona aibu wote wawili, tukapanda gari.”